Kinachoteleza Kina Wenyewe

Mtu pekee niliyewahi kumwona akikataa maji ya kunawa msibani kwa sababu za kisayansi ni jirani yangu wa Pasiansi, hapa Mwanza, yule ambaye mtaa mzima tulimwita Mtaalamu. Wafiwa walimletea jagi na beseni kama walivyomletea kila mtu. Yeye akaingiza kidole gumba ndani ya mdomo wa jagi, akakizungusha taratibu, akakitoa, akakinusa, kisha akamwambia binti aliyeshika beseni, kwa upole ule ambao madaktari huutumia kutolea habari mbaya, "Humu kuna mji." Binti wa watu akadhani mzee amezidiwa na huzuni. Akamshika mkono, akampeleka kwenye kiti kilichokuwa kivulini. Mtaalamu akakaa, akatoa kijiko chake kwenye mfuko wa shati, akala ugali wa watu bila wasiwasi wowote.

Kile kijiko alikwenda nacho kila mahali: harusini, kanisani kwenye chakula cha pamoja, hata siku moja kwenye mkutano wa diwani ambako hatukupewa chakula. Soda alikunywa, lakini baada ya kuufuta mdomo wa chupa kwa leso, kuuangalia kwenye mwanga, na kuufuta tena. Ukimkaribisha maji kwako alikuuliza yametoka wapi, yamekaa kwenye nini, na hicho kitu mara ya mwisho kilisuguliwa lini. Ukishamaliza kujibu maswali hayo hata wewe mwenyewe kiu imekwisha.

Kabila lake silijui. Wengine walisema Mkerewe, wengine walisema Mjita, na yeye alipoulizwa alisema utafiti haujakamilika. Ninachokijua ni kwamba alifanya kazi miaka mingi kwenye taasisi fulani ya mambo ya maji, na alipostaafu wenzake walimpa keki na saa ya ukutani. Saa ilisimama mwaka huohuo. Cha maana alichoondoka nacho ni kifaa chakavu ambacho taasisi ilikuwa imekwisha kukifuta kwenye mali zake, na kwa kifaa hicho alitusumbua vizuri sana.

Kazi yake nitaieleza kama nilivyoielewa, yaani nusu. Bakteria, alisema Mtaalamu, hawapendi kuelea ovyo majini. Wakipata jiwe, bomba, nyavu kuukuu au mdomo wa jagi, wanashuka, wanashikana, wanatoa ute na kujifunika nao, na humo ndani ya huo utando wanaishi kwa raha kuliko wapangaji wengi wa Mwanza. Dawa ya maji ikipita inawaua waliokaa barazani tu, walioko vyumbani hata hawaamki. Kwa hiyo unaweza kupima maji ukayakuta safi, huku kwenye ukuta wa bomba umejaa ukoo mzima, na siku moja kipande cha ukuta huo kinabanduka na kuingia kwenye kikombe cha mtoto wako. Alisema hivyo ndivyo kipindupindu kinavyojua kusubiri, na kila alipolisema neno hilo aliacha utani.

Na dawa yake ya kuwaona hao waliojificha ilikuwa ni mwanga. Kifaa chake kilikuwa sanduku la kijivu lenye ukubwa wa mkate, linalotoa mwanga wa zambarau na mwingine usioonekana kabisa. Ukikimulika kitu chenye uhai, chenyewe kinarudisha mwanga wa rangi nyingine. Sanduku linaupokea mwanga huo uliorudi, linauchambua rangi kwa rangi kama upinde wa mvua unavyofanya bure, na kwenye kompyuta unatokea mstari wenye vilima. Kilima cha upande huu ni mwani. Kilima cha upande ule ni bakteria. Mstari ukilala tambarare, hakuna mtu nyumbani. Jina la kifaa ni spektromita, lakini sisi tuliita tochi, na jambo hilo lilimuuma.

"Tochi inakuonyesha unachokitafuta," aliniambia. "Hiki kinakuonyesha kilichopo, utake usitake."

Mimi nina duka la mabomba na koki pale Buzuruga, karibu na stendi, na ndivyo tulivyozoeana. Alikuja siku moja watu wamejaa, akaomba mabomba mabovu ambayo mafundi huyang'oa na kuyaacha kwangu. Nikampa. Badala ya kuondoka nayo akachukua msumeno wangu wa chuma, akalipasua moja kwa urefu palepale juu ya kaunta, akaingiza kidole ndani na kukitoa kimejaa kitu cha kahawia. "Nani anakunywa hii?" akauliza, akiwatazama wateja mmoja mmoja. Wakakumbuka wana shughuli nyingine. Tangu siku hiyo nilimpenda, kama unavyoweza kumpenda mtu anayekufukuzia wateja.

Alikuwa na misemo yake, na aliirudia mpaka watoto wa mtaa wakawa wanaiigiza. "Jicho ni shahidi wa kuhongwa," huo ulikuwa mmoja. Mwingine, ambao aliutumia kwa mawe, mabomba, sufuria na mara moja kwa mgombea udiwani, ulikuwa, "Kinachoteleza kina wenyewe." Maana yake, ukigusa kitu majini kikateleza, jua kuna waliotangulia kukaa hapo, na wewe ndiye mgeni.

Sentensi ambayo haikuwemo kwenye lugha yake ni "nimekosea." Siku aliyorudi nyuma na gari lake akaligonga geti langu, aliteremka, akaliangalia geti kwa makini, akaniambia kwamba geti halikuwa katika nafasi tuliyoizoea. Maharage yakimuungulia, jiko lilikuwa na tabia isiyotabirika. Aliwahi kumwelekeza mvuvi apitishe mtumbwi katikati ya magugu maji, wakanasa humo mpaka jua likawa la utosi, na aliporudi alitueleza kwamba magugu yalihama. Ukimbana sana alisema data hazikutosha. Mkewe alikuwa amefariki zamani, binti yake ameolewa Buhongwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia ukweli, na kazi hiyo nilijipa mimi.

Nilimwambia, kwa mfano, kuhusu tangi lake. Wahenga walisema mganga hajigangi, nadhani walikuwa wamepita Pasiansi. Siku moja nilipanda ngazi kumfungia koki, nikachungulia ndani ya tangi, nikaona ukijani ambao sijauona hata kwenye mfereji wa soko. Nilipitisha kidole ukutani, kikateleza kama sabuni. Nikamshukia nikiwa na furaha isiyo ya Kikristo. Mtaalamu, nikamwambia, kwako kuna jiji zima. Alipanda mwenyewe, akatazama, akashuka uso unang'aa. "Usiliguse," akasema, "huu ni mfano mzuri sana." Akatundika vipande vya kioo ndani ya tangi lake mwenyewe, akawa anavipima, na maji ya kunywa akawa anakuja kuomba kwangu.

Huyo ndiye aliyepewa kazi ya kutuambia tunywe maji ya wapi.

Wakati huo maji ya bomba la mji yalikuwa yanatutembelea kama shemeji wa mbali, kwa taarifa fupi na kwa kukaa kidogo. Kamati ya maji ya mtaa, ambayo nami nilikuwa mjumbe, ikaamua tuvute maji wenyewe kutoka ziwani kwa pampu, tangi la kuchujia na magati, yaani vituo vya kuchotea. Mahali rahisi palikuwa mwambani. Ni jiwe kubwa bapa linaloingia majini chini ya nyumba za mwisho, na kila mtu alilipenda kwa sababu bomba lingekuwa fupi. Mahali pengine palikuwa nchani, pale nchi kavu inapoishia ziwani, mbali, penye kina, ambako hakuna anayekwenda. Mtaalamu akasema msiweke bomba popote kabla hajapima, na tukamkubalia, maana kumkatalia kulichukua muda mrefu zaidi.

Vifaa vyake vilikuwa fremu mbili za mbao, kila moja imepangwa vipande vya kioo kama madirisha ya nyumba ya sungura. Moja aliifunga kwa nailoni kwenye chuma kilichopigiliwa mwambani, nyingine akaizamisha nchani. Utando ungeota juu ya vioo wenyewe kwa wakati wake, na kila Jumatatu yeye angekwenda kuvimulika na kuona kilichoota. Mvua zote za masika alifanya hivyo, na koti lake la plastiki la njano, na sanduku lake chini ya koti.

Sasa pale mwambani palikuwa na wenyeji. Asubuhi mpaka jioni kina mama walifua na kusugua vyombo, na wa kwanza wao alikuwa Mama Kulwa, mama wa mapacha, muuza sato wa kukaanga pale njia panda. Sufuria zake ziling'aa mpaka ungeweza kunyolea ndevu. Mwamba haukuwa wake, lakini hakuna aliyefua pale bila kumsalimia kwanza. Na walikuwa na desturi yao ambayo hakuna aliyeitangaza: chombo kikiachwa mwambani, anayefuata anakisugua na kukirudisha kilipokuwa, na kama ni cha mtu mzima anakisugua mara mbili. Mtaalamu alipita hapo majuma yote hayo. Akiamkiwa aliitikia "Marahaba" huku anatazama maji, akafungua fremu yake, akamulika, akaondoka. Hakuwahi kukaa juu ya lile jiwe hata dakika moja ya kuuliza habari za watoto.

Majibu yalipotoka kamati ilifurahi kupita kiasi. Vioo vya nchani vilikuwa na vilima juu ya vilima. Vioo vya mwambani, juma baada ya juma, mstari tambarare, hakuna mtu nyumbani. Nikawakumbusha wajumbe kwamba mwambani ndipo tunapooshea magamba ya samaki, ng'ombe wanakunywa jirani yake, na mfereji wa mtaa unaishia hatua chache kutoka pale. Wakanitazama kama mtu aliyeleta habari ya msiba kwenye harusi. Mtaalamu mwenyewe aliniwekea mkono begani.

"Jirani, jicho ni shahidi wa kuhongwa," akasema. "Mawimbi yanaupiga mwamba, yanausafisha. Mstari haujui mfereji wala ng'ombe."

Nadharia nzuri, na ikaandikwa kwenye ripoti, na ripoti ikapigwa muhuri. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano wa wananchi Jumapili alasiri ili waibariki, halafu mafundi waanze kuchimba.

Jumamosi asubuhi Mtaalamu alinigongea. Alitaka kwenda mwambani kuchukua kioo kimoja cha kuwaonyesha watu mkutanini, na alitaka mtu wa kumbebea sanduku. Tukashuka. Na pale juu ya jiwe tulimkuta Mama Kulwa amekaa, miguu ndani ya maji, fremu ya Mtaalamu mapajani, mkono mmoja una dodoki na mwingine una mchanga, anakisugua kioo kwa nguvu zake zote.

"Mwangaluka, Mtaalamu. Shikamoo," akasema, salamu ya Kisukuma kwanza kisha ya Kiswahili, bila kuacha kazi. "Leo umewahi. Bado hiki kimoja tu."

Mtaalamu alisahau kuitikia. "Unafanya nini, mama?"

"Si navisugua? Kila Jumapili nikitoka kanisani navitoa, navisugua, navirudisha, ili Jumatatu ukija uvikute vimetakata. Juma hili nimevuta mbele, maana kesho kuna mkutano."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipovileta." Akasuuza kioo, akakiinua juani, akaona doa, akarudia. "Ile Jumapili ya kwanza nilivikuta na uteute, nikaona aibu. Nikasema watu watasema mwamba wetu unachafua vyombo vya watu wazima. Na wewe huna mtu wa kukusaidia, binti yako yuko Buhongwa. Basi nikaona si kitu, ni mkono tu."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikaliweka sanduku chini na kukaa juu yake, jambo ambalo siku nyingine lingenitenganisha na Mtaalamu maisha. Yeye hakucheka. Alichuchumaa, akakipokea kioo kutoka mkononi mwa Mama Kulwa, akakipitishia kidole gumba. Kikalia kwii. Akakipitisha tena, taratibu, upande wa pili.

"Kimetakata," akasema.

"Ahsante," akajibu Mama Kulwa, na uso wake ukafunguka kwa furaha, kwa sababu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Mtaalamu kumsifia mtu wa pale.

Tulipokuwa tunapanda kurudi alikuwa anahesabu Jumapili kwa vidole. Kilima kile huwa anakipanda akihutubia. Jioni alikwenda kwa mwenyekiti, nami nikamfuata, maana sikutaka kukosa. Alimweleza yote, akaomba mkutano uahirishwe mpaka apime upya. Mwenyekiti, mtu mwenye sauti nzuri ya kufariji, alimsikiliza huku anakata kucha.

"Mtaalamu, ripoti ina muhuri," akasema. "Vioo unaweza kuvisugua, muhuri huwezi. Watu wamesubiri maji, bomba liko karibu, kila mtu ana furaha. Kesho wewe nyamaza, umalizie uzee wako na heshima yako."

"Watayanywa, mwenyekiti. Na watoto watayanywa."

"Basi kama lazima useme, sema ukweli wote. Sema yule mama kaharibu kazi ya utafiti. Tutamsimamisha aeleze mbele ya watu, lawama ziende zinakostahili. Wewe utabaki msafi."

Hapo hata mimi niliacha kucheka. Mama Kulwa analisha wanawe kwa sato. Akishasimamishwa mbele ya mtaa kama mwanamke aliyetaka kuwanywesha watu uchafu, nani angenunua tena samaki aliyepita mikononi mwake? Na hao wangekuwa walewale ambao kila siku walipita kwake wakasifu sufuria. Nilimtazama Mtaalamu. Mtu ambaye hakuwahi kukosea dhidi ya geti, jiko, wala magugu maji, sasa alikuwa amepewa mtu mzima wa kumtupia kosa, tena kwa baraka za serikali. Nilijua atalichukua. Nikaona uchungu, nikaenda kulala bila kumuaga.

Jumapili watu walijaa mbele ya ofisi ya mtaa, viti vya plastiki havikutosha, wengine wakakaa ukutani. Mama Kulwa alikuwa mstari wa mbele, kitenge kipya, mapacha wake ubavuni, mtu mwenye sehemu yake katika ushindi. Mwenyekiti alisoma ripoti. Alipofika kwenye neno mwambani watu wakapiga makofi. Ndipo Mtaalamu akasimama, na koti lake la njano ingawa jua lilikuwa linawaka.

"Ripoti hiyo ni yangu na haifai," akasema. "Msiweke bomba mwambani."

Ikawa kelele. Mzee mmoja mwenye huruma akamtupia kamba. "Labda kifaa kimeharibika, Mtaalamu?"

"Kifaa ni kizima."

"Basi kuna mtu kavigusa vioo," akasema mwenyekiti, kwa sauti ile nzuri, na macho yake yakaanza kutembea kwenye mstari wa mbele. "Tuambie ni nani."

Nilimwona Mama Kulwa anaelewa. Iliingia usoni mwake polepole, kutoka kwenye makofi kwenda kwenye dodoki, kutoka kwenye dodoki kwenda kwenye vioo. Alishika mikono ya kiti akaanza kuinuka.

"Kaa, mama, sijamaliza," akasema Mtaalamu. Kisha akawageukia watu. "Vioo vilikuwa safi kwa sababu niliviacha kwa watu safi. Niliweka vyombo vyangu kwenye jiwe la wenyewe bila hodi, bila kueleza ni vya nini, bila kukaa. Majuma yote hayo mstari ulikuwa unaniambia kitu kisichowezekana, na jirani yangu muuza mabomba aliniambia, nikatunga habari ya mawimbi. Nimekosea."

Nikatazama juu kuona kama mbingu zimepasuka. Mwenyekiti akarudia swali lake la nani. Na hapo Mtaalamu akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natabasamu peke yangu dukani: akaanza kueleza mwanga. Alianzia kwenye jua. Akaeleza zambarau, akaeleza ile isiyoonekana, akaeleza kwa nini uhai hurudisha rangi tofauti na ile iliyopelekwa, akaeleza vilima kimoja kimoja kwa majina. Mwenyekiti akijaribu kuingilia, yeye alisema, "Swali zuri, nalijia," na akarudi kwenye jua. Watoto wakalala. Watu wakaanza kuondoka kwa aibu, kisha bila aibu. Kiza kilipoingia, hapakuwa na mtu ambaye bado alitaka kujua ni nani aligusa nini. Miaka yote alituchosha bure, na siku hiyo uchoshi wake ulimfunika mtu.

Bomba halikuwekwa mwambani. Likawekwa baadaye sana, na si hapo wala si nchani bali mbele zaidi ya nchani, baada ya yeye kupima upya. Vioo vya mwambani safari hiyo vilitoa vilima ambavyo vilitoka nje ya kompyuta. Shukrani? Ahsante ya punda ni mateke. Kiangazi chote kina mama walibeba ndoo, na kila ndoo ilibeba jina la Mtaalamu pamoja na lawama. Kwenye grupu la mtaa waliandika kwamba mzee kaishiwa. Wenye akili zaidi wakagundua kwamba bomba refu ni biashara kwa muuza mabomba, kwa hiyo mimi nilikuwa nimemhonga. Kwenye misiba hawakumpa tena kiti cha mbele. Alikaa nyuma na kijiko chake, akala, akaondoka.

Kilichonisumbua kuliko hayo yote ni kwamba yeye na Mama Kulwa hawakuongea tena. Mama Kulwa alipomwona anateremka alikusanya sufuria zake akapita njia ya juu. Nilimuuliza siku moja, huku ananifungia samaki, kwa nini anamkimbia.

"Baba Neema, utasema nini?" akanijibu. "Mzee wa vile kajishusha mbele za watu kwa ajili ya mkono wangu. Nikimwambia ahsante, nitakuwa namkumbusha. Nikimwambia pole, nitakuwa namcheka."

Na yeye Mtaalamu, ukimuuliza, alisema data hazitoshi.

Miguu ilipoanza kumshinda binti yake alikuja na gari akamhamishia Buhongwa, mbali na ziwa, kwenye nyumba mpya yenye vigae ambavyo unaweza kujiona. Sanduku la kijivu lilikuwa limekwisha kuzimika kabla yake. Mwambani tulibaki na kile chuma kilichopigiliwa, na mimi nilibaki na mabomba mabovu mengi ambayo hakuna aliyekuja kuyaomba.

Mwaka huu, mvua za vuli zilipokatika, nilipata mzigo wa kupeleka huko Buhongwa. Jioni ya kuamkia safari Mama Kulwa alikuja dukani na mfuko. Ndani yake mlikuwa na sato wawili, michembe kidogo, vile viazi vitamu vya kukausha, na kopo la plastiki lenye kifuniko, zito kwa maji.

"Mpelekee Mtaalamu," akasema. "Usilitikise. Na umwambie sijakisugua."

Nilimkuta barazani, blanketi magotini, anaitazama barabara ya Shinyanga. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akanijua kwa sauti. Binti yake alimletea glasi ya maji, na mimi nikasubiri kile kidole gumba. Hakukiingiza. Alikunywa tu kama watu wote, na kwa kweli nilihuzunika.

Nikamwekea kopo mapajani, nikalifungua. Aliingiza mkono kwenye maji ya ziwa letu, akakipata kioo, akakipitishia gumba. Hakikulia. Kidole kilipita bila sauti, kikateleza mpaka ukingoni.

"Nani kakitundika?"

"Mama Kulwa. Palepale kwenye chuma chako. Anasema hajakisugua."

Akakiinua kuelekea kwenye mwanga, ingawa sidhani aliona kitu zaidi ya wekundu wa jioni. Kilikuwa kimejaa ute wa kahawia na ukijani, unene wa ganda la chungwa, chombo kichafu kuliko vyote vilivyowahi kuachwa mwambani.

"Wenzake walikuwa wanakiona?" akauliza.

"Kila siku. Vuli yote."

"Na walijua ni yeye anakiacha hivyo?"

"Walijua. Walimsema sana. Wakitaka kukisugua aliwafukuza."

Akakirudisha majini taratibu, akafunga kifuniko, akaita ndani. "Hili kopo lisiguswe na mtu." Binti akaitikia kwa sauti ya mtu aliyezoea. Mtaalamu akanitafuta kwa mkono mpaka akanipata begani.

"Jirani, ukifika, mfikishie shikamoo yangu."

Nikadhani uzee umemchanganya. "Mtaalamu, yule ni mdogo kwako kwa mbali. Ni saizi ya binti yako."

"Umri wake naujua," akasema. "Ifikishe kama ilivyo."

Kesho yake nilishuka mwambani asubuhi. Mama Kulwa alikuwa kwenye jiwe, sufuria mapajani, mchanga mkononi. Nikampa shikamoo, nikamwambia inatoka kwa nani. Mkono ukasimama. Alitazama pale kwenye kile chuma, ambapo alikuwa ameshatundika kioo kingine, na kilikuwa kimeanza kufifia kwa ute. Kina mama wote walikuwa wametugeukia, wanasubiri.

"Marahaba," akasema kwa sauti ya chini, na akaendelea kusugua sufuria yake.